Je, wajua kwa nini kioo cha jengo kinaweza kupasuka chenyewe bila kuguswa?

Mlango wa kioo umesimama mahali pake kwa miaka mitatu bila tatizo lolote. Usiku mmoja, pasipo upepo wala mtu aliyeugusa, unasikika mlio kama wa risasi, na kunapokucha sakafu imejaa vipande vidogo visivyozidi ukubwa wa ukucha. Hushukiwa mwizi, au mtoto aliyerusha jiwe, na zaidi ya wote hulaumiwa fundi aliyeufunga. Wakati mwingine kweli ni kosa la fundi, lakini mara nyingine chanzo kimekuwa ndani ya kioo chenyewe tangu siku kilipotoka kiwandani.

Ili kuelewa jambo hili, ni lazima tuanze na namna kioo kinavyopewa nguvu. Vioo vingi vya majengo siku hizi hutengenezwa kwa kumimina kioo kilichoyeyuka juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, njia iliyotangazwa na kampuni ya Pilkington ya Uingereza mwaka 1959, kisha hupoozwa taratibu. Kinachotakiwa kuimarishwa hukatwa kwanza kwa vipimo kamili na kutobolewa matundu yote ya bawaba na vitasa, kwa kuwa baadaye hakitakubali tena kukatwa. Halafu huingizwa katika tanuri mpaka kifikie joto la nyuzi 620 za Selsiasi au zaidi, na kinapotoka hupulizwa ghafla kwa hewa pande zote mbili. Nyuso za nje hukakamaa kwanza huku sehemu ya kati ingali moto na laini. Sehemu hiyo ya kati inapopoa hutaka kusinyaa, lakini nyuso zilizokwisha kukakamaa huizuia; hivyo nyuso hubaki zimebanwa, nayo sehemu ya kati hubaki inavutwa. Kwa kuwa kioo hupasuka kwa kuvutwa na si kwa kubanwa, nguvu yoyote inayotoka nje hulazimika kwanza kuushinda mgandamizo wa nyuso ndipo ifungue ufa. Hiyo ndiyo sababu kioo kilichoimarishwa, ambacho mafundi wengi hukiita kioo cha tempa, huweza kustahimili takriban mara nne ya kile ambacho kioo cha kawaida chenye unene uleule hustahimili.

Kwa hiyo kioo cha tempa kimehifadhi nishati ndani yake kama upinde uliovutwa. Ufa ukifika tu katika sehemu ya kati inayovutwa, nishati hiyo huachiliwa papo hapo, na kioo kizima husambaratika kuwa vipande vidogo. Kuna faida kubwa hapa, kwa sababu vipande hivyo si hatari kama vile virefu vyenye ncha kali ambavyo kioo cha kawaida huacha. Swali linalobaki ni hili: ufa utafikaje katikati ikiwa hakuna aliyekigonga kioo?

Jibu lilipatikana Melbourne, Australia. Jengo la ICI House lilikamilika mwaka 1958, na baada ya muda vioo vyake vya tempa vikaanza kupasuka na kuanguka bila sababu iliyoonekana. Mtafiti E. R. Ballantyne alivichunguza, na mwaka 1961 alieleza kwamba chanzo kilikuwa chembe ndogo sana za nikeli sulfidi, yaani muungano wa madini ya nikeli na salfa, zilizonaswa ndani ya kioo. Nikeli huweza kuingia kwa bahati mbaya kutoka katika vyuma vya mitambo au uchafu wa malighafi, na salfa tayari imo katika mchanganyiko unaoyeyushwa. Chembe yenye kipenyo cha sehemu ya kumi tu ya milimita, ambayo macho hayawezi kuigundua katika ukuta mzima wa vioo, inatosha kuleta madhara.

Tabia ya chembe hiyo ndiyo inayostaajabisha. Juu ya nyuzi 379 hivi, nikeli sulfidi huwa na mpangilio mmoja wa atomu. Chini ya hapo hutaka kugeuka kuwa mpangilio mwingine unaochukua nafasi kubwa zaidi, kwa asilimia 2 hadi 4. Katika kioo kinachopoozwa taratibu hupata muda wa kugeuka, na kwa vile hakuna mvutano mkubwa uliohifadhiwa, haileti madhara. Katika kioo cha tempa, kupoozwa ghafla huifungia chembe katika umbo lake la joto kali. Kisha, katika joto la kawaida la jengo, huendelea kugeuka polepole, kwa miezi au hata kwa miaka, ikitanuka kidogo kidogo na kusukuma kioo kinachoizunguka. Ikiwa imekaa karibu na uso, pengine hakuna kitakachotokea. Ikiwa imekaa katikati, palepale penye mvutano, ipo siku ufa huanza.

Haimaanishi kwamba kila kioo kinachopasuka kina chembe. Ukingo uliomeguka kwa kuegeshwa juu ya zege tupu, bawaba ya chuma inayogusa kioo moja kwa moja, au fremu isiyoacha nafasi ya kutanuka, vyote huweza kuleta matokeo hayohayo baadaye. Aluminiamu hutanuka kwa joto zaidi ya mara mbili ya kioo, ndiyo maana vipande vya raba chini ya kioo na nafasi pembeni si mapambo. Na huko Boston, Marekani, vioo vya jengo la John Hancock lenye ghorofa 60 vilipoanza kuanguka mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilibainika kwamba kiungo cha madini ya risasi kilichoshikanisha vioo viwili viwili kilikuwa kigumu kupita kiasi, kisichonyumbuka hata kidogo. Vyote 10,344 vilibadilishwa.

Dhidi ya chembe za nikeli, viwanda hutumia jaribio la kukirudisha kioo katika joto la nyuzi 260 hadi 290 kwa saa kadhaa, ili chembe igeuke haraka na kioo kibovu kipasukie humo kiwandani. Jaribio hilo hupunguza hatari sana, ingawa haliimalizi. Kwa hiyo kioo cha paa, au cha ukuta ulio juu ya njia ya watu, kwa maoni yangu kinapaswa kuwa cha matabaka, yaani vioo viwili vilivyogandishwa kwa utando wa plastiki unaovishikilia vipande hata baada ya kupasuka.

Utando huo pia hutunza ushahidi. Katika kioo kilichopasuka lakini hakijaanguka, nyufa zote huelekea nyuma hadi mahali pamoja, na ikiwa chanzo ni chembe, hapo hukutwa vipande viwili vikubwa kuliko vingine, vimepakana kama mabawa ya kipepeo, na katika mstari unaovitenganisha mna kijidoa cheusi. Kipepeo peke yake hakitoshi, kwani pigo dogo nalo huweza kuacha umbo kama hilo. Ni kijidoa, kikithibitishwa kwa hadubini, kinachomwondolea fundi lawama. Ndiyo sababu vipande vya eneo hilo havifai kufagiwa kabla mtu hajavikagua.