Programu huria kwa mwalimu anayejua ujirani mwema

Nikifundisha walimu wenzangu hapa Kigoma, siku hizi sianzi na kompyuta. Naanza na mtihani wa ujirani mwema. Shule jirani zinakutana, huyu anatunga Fizikia, yule Jiografia, wenzao wanayapitia maswali na kurekebisha penye kasoro, kisha kila shule inachapa nakala zake. Hakuna anayemdai mwenzake ada ya swali.

Programu huria hutengenezwa hivyohivyo. Msimbo wake, yaani maelekezo yanayoandikwa kuiunda, uko wazi, na leseni inakuruhusu kuitumia kwa kazi yoyote, kuichunguza, kuigawa na kuibadilisha. Kutolipia ni faida ya ziada tu. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, aliianika Linux, programu ya kuendeshea kompyuta, watu waione na kuirekebisha. Leo kiini chake kimo ndani ya kila simu ya Android pale Ujiji.

“Ticha, sasa nani anawalipa wanaoitengeneza?” Naulizwa kila semina. Wengine wanalipwa na kampuni zinazoitegemea programu hiyo, wengine wanajitolea.

Kinachoniuma ni flashi. Nimeona mitihani ya muhula mzima ikiliwa na virusi vilivyokuja na programu ya kuandikia iliyovunjwa leseni, na mwalimu aliyeileta alitaka tu kumsaidia mwenzake. Tabia ya kugawana ni njema, kilichokosewa ni kitu cha kugawana. Pakua LibreOffice, programu huria ya kuandikia, mara moja kutoka tovuti yake, iweke kwenye flashi safi, wape shule nzima: hujavunja sheria, wala hawahitaji intaneti kuiweka. Ila ukipeleka mtihani steshenari, peleka PDF. Faili la kawaida likifunguliwa kwa programu nyingine, michoro na nafasi za majibu huhama.

Mwalimu mmoja wa Kiswahili alikaa nyuma kabisa. “Kompyuta si somo langu,” akasema. Nikamweleza kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na kwamba kazi ya namna ile humhitaji mjuzi wa lugha kuliko mjuzi wa msimbo. Nikamfungulia orodha ya maneno yanayosubiri tafsiri. Akasogeza kiti. Saa kumi jioni bado alikuwa anabishana na wenzake kama kitufe kiandikwe “hifadhi” au “tunza”.