Nyumba za walowezi haziuawi na uzee

Ukipanda kutoka Moshi kuelekea Kibosho au Lyamungo, utaziona katikati ya mibuni: kuta nene za mawe, baraza pana, bati lililoliwa na kutu. Watu husema zimechoka kwa sababu ni za tangu enzi ya Mjerumani. Kazi yangu ni kukarabati majengo ya zamani, na hilo silikubali. Jiwe la Kilimanjaro halichoki. Kilichokosekana ni mtu wa kuulizwa habari za paa.

Angalia zilivyopita mikononi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walitwaa mali za Wajerumani wakaziuza, na Wagiriki wakawa miongoni mwa wanunuzi. Mwaka 1925 Wajerumani wakaruhusiwa kurudi. 1939 wakanyang'anywa tena. Mwaka 1973 serikali ikataifisha mashamba ya walowezi, mengi yakaishia kwenye ushirika. Ushirika ulitaka kahawa. Nyumba ilikuja humo humo. Sebule ikawa stoo ya mbolea. Mfumo wa kimataifa wa mgawo wa kahawa ulipovunjika 1989, bei ikaporomoka, na hela ya mrututu, dawa ya kunyunyizia mibuni, ikawa ya kutafuta, sembuse ya gata, mfereji wa kukinga maji ya paa.

Na nyumba huanza kufa kwenye gata. Likiziba, maji hurudi juu ya ukuta, pale pale kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, inapokalia. Mbao zinalowa, mchwa wanafuata unyevu, kenchi inazama, misumari inang'oka, masika inayofuata inanyesha hadi sakafuni. Kama mawe yalijengewa udongo, udongo unachuruzika na ukuta unafumuka.

Kinachoniuma zaidi ni fundi anayekuja "kuokoa" kwa lipu ya saruji. Lipu ya chokaa huachia unyevu utoke. Saruji huufungia ndani. Igonge kwa kidole baada ya masika: inalia kama debe tupu, maana imeshaachana na ukuta.

Wapo wanaosema ziachwe zianguke, ni za mkoloni. Lakini mawe yale yalibebwa na babu zetu, wengine kwa kulazimishwa. Kazi yao ndiyo inayoanguka.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Haya hayafiki huko, labda waziri ayatangaze. Kwa hiyo uamuzi ni wa wanachama wa ushirika. Kama shamba lenu lina nyumba ya namna hii, pelekeni hoja ya gata kwenye mkutano mkuu, na kazi ifanyike kabla ya Machi.