Nauli ya roketi na wazo langu la ikweta

Kila skrubu ya setilaiti ninayounda ina mstari wake kwenye jedwali langu la uzito: gramu mbili, gramu tatu, gramu moja na nusu. Nazihesabu kwa sababu kila kilo ina nauli yake.

Enzi za Space Shuttle, chombo cha anga cha Marekani, ukigawanya gharama ya safari kwa mzigo wote, kilo moja ilikaribia dola 54,500. Roketi ya Falcon 9 ikijaa pomoni, hesabu hiyo ilishuka hadi kama dola 2,700 kwa bei ya mwaka 2018. Nauli ikiwa kubwa, setilaiti nayo hupanda bei, maana nani atapakia kitu kisichozoeleka baada ya kulipa mamilioni? Unarudia vipuri vya zamani, unapima miaka na miaka, na wazo jipya linafia mezani.

Ila unafuu wa leo una njia yake. Taifa-1 ya Kenya ilipanda Aprili 15, 2023 kutoka Vandenberg, California, ndani ya Falcon 9 iliyobeba makumi ya setilaiti nyingine. Ni matatu ya angani: unalipia kiti, unashushwa stejini, si mlangoni kwako. Steji yenyewe ni mzingo, yaani njia ya kuizunguka dunia, unaopita karibu na ncha zake. Ni mzuri kwa anayetaka picha za dunia nzima, na mawazo mengi siku hizi yanashonwa kwa kipimo chake. Kwetu sisi wa ikweta naona ni hasara.

Setilaiti moja tu ikizunguka juu ya ikweta, kimo cha kilomita 550, ingetupitia kila baada ya saa moja na dakika 40 hivi. Wingu la mvua linalojikusanya juu ya Ziwa Victoria usiku, wavuvi wakiwa majini, lingeonekana likikua. Ikipanda matatu ile, inatupitia mara chache tu kwa siku. Kuihamisha ikiwa huko juu kungehitaji mafuta yenye uzito mara nyingi kuliko yenyewe. Kinachobaki ni kukodi roketi nzima, kwa mamilioni ya dola.

Njia hiyo si ngeni kwetu. Desemba 12, 1970, setilaiti Uhuru, iliyochunguza eksirei za angani, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ikazunguka karibu kabisa na ikweta.

Wazo langu lina kilo 12 na gramu 400. Kila bei mpya ya roketi ikitangazwa nafungua jedwali, nabadilisha kisanduku cha nauli, nashuka chini kusoma jumla.