Okidi Iliyooza Mizizi: Weka Kwanza Kopo la Maji Chini

Okidi nyingi ninazoletewa zikiwa taabani zimeponzwa na mapenzi. Mwenyewe aliona majani yamelegea na kukunjamana, akadhani ni kiu, akaongeza maji. Majani yakazidi kulegea, naye akazidi kumwagilia. Na kiu ilikuwepo kweli, tena kali. Mizizi ya kunywea ndiyo iliyokuwa imekwisha.

Kwa majani peke yake huwezi kutofautisha okidi iliyonyimwa maji na iliyozamishwa. Itoe kwenye chungu uitazame mizizi.

Nazungumzia Phalaenopsis, ile yenye majani mapana na maua mfano wa vipepeo, maana ndiyo iliyojaa majumbani. Porini hujishikiza kwenye miti, mizizi ikiwa nje hewani. Kila mzizi umevikwa ganda kama sponji, liitwalo velameni, linalofyonza maji upesi mvua ikinyesha kisha likakauka. Mzizi mkavu huwa wa kijivu kinachong'aa kidogo; ukilowa hugeuka kijani, kwa sababu nao una klorofili kama jani. Sasa mzizi wa namna hiyo ukiushindilia ndani ya magome ya miti, ambayo okidi hupandwa humo badala ya udongo, yakiwa yamechakaa na kulowa siku zote, unakosa hewa. Ukishakosa hewa unakufa, na kuvu na bakteria humalizia kazi.

Pukuta magome yote ya zamani, suuza kwa maji ya vuguvugu, kisha bonyeza mzizi mmoja mmoja. Mzima ni mgumu. Uliooza hubonyea na kutoa majimaji ya kahawia, na ukiuvuta ganda huchomoka kama soksi, ukabaki uzi mwembamba mkononi. Rangi isikuhadae: mzizi uliokuwa katikati ya chungu, usioona mwanga, huwa wa manjano au kahawia hafifu na bado ni mzima. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii niliikata mizizi ya aina hiyo yote, nikaua mmea ambao haukuwa unanidai chochote zaidi ya magome mapya. Siku hizi naamua kwa vidole.

Mkasi uchome kwa moto kila unapohama mmea, kwa kuwa virusi vya okidi husafiri kwa utomvu, na spiriti peke yake haiviui kwa uhakika. Kata kilichooza tu. Unga wa mdalasini paka kidogo kwenye kidonda cha shina ukipenda, lakini usiumwage juu ya mizizi. Unakausha, na hiyo mizizi michache ndiyo uliyobakiwa nayo. Kikonyo cha maua nacho kikate. Hapo ndipo watu hunibishia, hasa kama kuna vitumba viwili vitatu, lakini mmea usio na mizizi hauwezi kulisha maua.

Angalia pia shina. Likiwa jeusi na laini hadi ndani, sitakupa moyo. Likiwa gumu, lina majani hata mawili, endelea.

Ikibaki mizizi mitatu minne mizima, panda kwenye magome mapya ya msonobari, ndani ya chungu kidogo kinachoitosha mizizi hiyo tu. Chungu kikubwa hukaa na unyevu muda mrefu na kukurudisha ulikotoka.

Kama haikubaki hata mmoja, tafuta sfagnamu, yale majani laini ya kinamasi yanayouzwa yakiwa makavu. Yaloweke, kisha yakamue kwa nguvu hadi tone lisidondoke. Yatandaze chini ya mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, uegemeze mmea juu yake bila kulifukia shina. Kazi ya mfuko ni kuweka hewa yenye unyevu ili majani ya okidi yasipoteze maji kidogo yaliyo nayo. Uweke penye mwanga lakini jua lisiufikie, la sivyo unapika mmea. Nyuzijoto 22 hadi 28 zinafaa. Ufungue kila baada ya siku mbili hewa ibadilike. Mbolea hapana kabisa.

Halafu uache. Miezi, si wiki. Jani la chini kabisa linaweza kugeuka manjano. Usilinyofoe, mmea unakula akiba iliyomo humo. Siku moja utaona kinundu cha kijani au chekundu kimetoboa shina juu ya mahali pa mizizi ya zamani, kikubwa kama kichwa cha kiberiti. Hicho ni mzizi, na bado usikiguse. Subiri mizizi mipya ifike sentimita nne au tano ndipo uhamishie kwenye magome.

Napendelea chungu cha plastiki unachoweza kuona ndani. Mizizi iliyogusa ukuta ikiwa ya kijivu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, uyaache yachuruzike yote. Ikiwa ya kijani, rudi kesho kutwa.