Kupiga drams na Led Zeppelin: raha ya kukaa kiti kimoja na John Bonham

Mwanafunzi akishajua kushika vijiti na kutunza mwendo, huwa namwekea rekodi za Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, apige nazo. Wengine hushangaa, maana bendi hiyo ilivunjika mwaka 1980, kabla wengi wao hawajazaliwa, na mazoezi ya kwenye vitabu yako tele. Sababu yangu ni moja. Sijakutana na rekodi nyingine zinazomfundisha mpiga drams kusikiliza huku zikimpa raha kiasi hiki. Mimi mwenyewe nimezipiga miaka na miaka, na bado nikikaa kwenye kiti na kuvaa hedifoni mwili wote unachangamka kabla wimbo haujaanza.

Bonham, mpiga drams wa bendi hiyo, husifiwa kwa nguvu. Ni kweli alipiga kwa uzito, na ngoma yake ya besi, ile inayopigwa kwa mguu, ilikuwa na kipenyo cha inchi 26, kubwa kuliko tulizozoea wengi wetu. Lakini ukipiga naye kwa muda unaanza kusikia jambo lingine: masikio yake yako kwa Jimmy Page, mpiga gitaa. Wapiga drams wengi tumefundishwa kushikamana na gitaa la besi, na John Paul Jones ni mpiga besi ambaye yeyote angefurahi kushikamana naye. Bonham anakwenda mbali zaidi. Rifu ya gitaa, yaani kile kipande kifupi kinachojirudia, inapokanyaga, mguu wake unakanyaga hapo hapo. Rifu inaponyamaza, anaiachia nafasi yake. Ndiyo maana ukijaribu kukariri mapigo yake peke yake unachoka upesi, ila ukiiimba rifu ya Page kichwani, mikono inajua yenyewe pa kwenda.

Anzia kwenye "When the Levee Breaks", wimbo wa mwisho kwenye albamu ya nne, iliyotoka Novemba 1971. Drams zake zilirekodiwa Headley Grange, jumba la zamani kule Hampshire, Uingereza. Seti iliwekwa kwenye ukumbi wa kuingilia chini ya ngazi, na fundi wa sauti Andy Johns akaning'iniza maikrofoni mbili juu huko ngazini. Unachosikia ni ngoma pamoja na nyumba nzima inavyoitikia. Mwendo ni wa taratibu sana, kama mapigo 70 na ushee kwa dakika, snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, inaangukia pigo la pili na la nne, na mguu unajazia katikati kwa mapigo machache tu. Kwenye karatasi ni somo la mwezi wa kwanza. Ukiupiga ndipo unapoona kazi ilipo: kati ya snea moja na nyingine kuna uwazi mpana, na mkono unawashwa kutia kitu. Usitie. Acha snea ichelewe kidogo, yaani ifike mwishoni kabisa mwa nafasi yake bila kuvuka. Siku utakapoipata, utasikia snea yako na yake zinakuwa snea moja, na yako inatoweka ndani ya yake. Hiyo ndiyo raha ninayoizungumzia, na sijui njia nyingine ya kuipata.

Siku hizi kuna programu zinazoweza kuondoa drams kwenye wimbo wowote zikabaki ala nyingine, ili upige peke yako. Zina faida ukitaka kujipima. Kwa kujifunzia Zeppelin sizipendi hata kidogo. Ukimwondoa Bonham umemwondoa mwalimu, tena umeondoa kitu ambacho kingekuonyesha papo hapo kwamba umetangulia. Programu ninayoipenda ni ile inayopunguza kasi bila kubadilisha sauti. Ukiuteremsha wimbo hadi asilimia 70 unasikia yale mapigo ya chini chini kwenye snea ambayo kwa kasi ya kawaida yanapita kama upepo.

Kuhusu hedifoni, tumia za waya. Zisizo na waya huchelewesha sauti kidogo, na kwa mtazamaji wa sinema hilo si tatizo, lakini kwa mpiga drams ucheleweshaji huo ni mkubwa kuliko tofauti nzima kati ya kupiga vizuri na kupiga vibaya. Chagua pia zile zinazoziba masikio sawasawa. Wataalamu wa afya kazini wanahesabu desibeli 85 kuwa za kuvumilika kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo unakatwa nusu. Drams zinafika desibeli 100 bila jasho, na hapo umebakiwa na dakika 15. Ukiongeza sauti ya muziki ili ishinde ngoma zako, unajiumiza mara mbili. Punguza vyote viwili.

Sasa "Rock and Roll", kutoka albamu ile ile. Bendi ilikuwa inahangaika na wimbo mwingine, Bonham akaanza kupiga utangulizi wa wimbo wa zamani wa Little Richard, Page akaingia na gitaa, na wimbo mpya ukazaliwa pale pale. Utangulizi huo umewachanganya wapiga drams wengi kwa sababu moja tu: hauanzi kwenye pigo la kwanza. Unaanzia katikati, baada ya pigo la tatu. Anayehesabu "moja" pale Bonham anapoanza hujikuta gitaa limeingia mahali asipolitarajia. Hesabu "moja, mbili, tatu" kimya, kisha ingia kwenye nusu inayofuata, na kila kitu kinanyooka. Furaha ya kuingia sawa na gitaa pale mwishoni hainiishi.

Lakini wimbo ninaoupenda kuliko zote kuupiga ni "Kashmir", wa albamu ya mwaka 1975. Ulianza kwa Page na Bonham wawili tu, na jina la Bonham limo kati ya watunzi wake, jambo ambalo mpiga drams halipati mara nyingi. Drams zinakwenda kwa nne, yaani kila baada ya mapigo manne hesabu inarudi moja: mguu kwenye moja na tatu, snea kwenye mbili na nne, hakuna madoido. Gitaa linakwenda kwa tatu. Kila mmoja anazunguka kwenye mzunguko wake na hakuna anayemsubiri mwenzake.

Tazama kinachotokea. Rifu inaanza pamoja nawe kwenye pigo la kwanza. Inaporudi mara ya pili, wewe uko kwenye pigo la nne, kwa hiyo mwanzo wake unakutana na snea. Mara ya tatu inakukuta kwenye pigo la tatu, juu ya mguu. Mara ya nne kwenye pigo la pili, juu ya snea tena. Kisha, baada ya mapigo 12, mnakutana mwanzo. Rifu imezunguka mara nne, drams mara tatu. Bonham habadilishi chochote katika safari hiyo yote, na hapo ndipo ukubwa wake ulipo, kwa sababu gitaa linakuvuta muda wote uhesabu nalo. Mwanafunzi hushindwa hapa kwa kuwa anasikiliza kitu kimoja: ama gitaa, akapoteza nne yake, ama drams zake mwenyewe, akageuka mashine. Ninachomwambia ni aimbe rifu kwa mdomo huku mikono ikishika nne. Kwanza polepole, bila rekodi, akipiga mapaja. Mdomo ukishazoea kwenda kwa tatu na mikono kwa nne, arudi kwenye seti aweke wimbo. Ile mara ya kwanza unapolifikia pigo la kumi na mbili na kuona rifu inarudi kwako yenyewe, utatabasamu. Nimewaona wengi wakitabasamu.

Kuna mambo madogo pia ambayo mpiga drams pekee huyafurahia. Kwenye "Since I've Been Loving You" ya mwaka 1970, pedali ya Bonham inalia, kile kilio cha chuma kinachohitaji mafuta, na waliacha kikabaki. Ukipiga wimbo huo kinakuwa msaada mzuri, maana kinakuonyesha mguu wake unaposhuka hata pale ambapo ngoma yenyewe imefunikwa.

Kuhusu mguu wenyewe, "Good Times Bad Times" ya 1969, wimbo wa kwanza wa albamu ya kwanza, unatosha kumfundisha mtu unyenyekevu. Pigo moja linagawanywa mara tatu na mguu mmoja, kwa pedali moja, unapiga mara mbili mfululizo kwa kasi ambayo wengi walidhani inahitaji miguu yote miwili. Usilazimishe. Inua kisigino, acha mguu uteleze mbele kidogo kwenye pigo la pili, na uujenge mwendo kwa wiki nyingi.

"Fool in the Rain" ya 1979 nauacha wa mwisho, kwa kuwa unataka vyote hivyo kwa pamoja: mguu mwepesi, mapigo ya chini chini kati ya snea kubwa, haihati, yale matoazi mawili ya pedali, inayofunguka na kufungwa mahali pake, na mwendo unaoyumba kwa utamu bila kuanguka. Katikati wimbo unageuka kuwa samba na kisha unarudi ulikotoka. Hapo kwenye kurudi ndipo pagumu. Shika kiuno cha ule mwendo wa mwanzo kichwani wakati samba inaendelea, hesabu kwa sauti kama ni lazima, na ukirudi piga snea ya kwanza kwa ujasiri, maana Bonham anarudi kwa ujasiri na atakubeba.