Ugonjwa wa "maadamu"

Kuna neno moja linaloua magari ya zamani kimyakimya kuliko kutu: "maadamu". Maadamu tumeshatoa injini, tupige rangi na chumba chake. Maadamu chumba kinang'aa, hizi waya kuukuu zinatia aibu. Maadamu waya zinatoka, dashibodi nayo ishuke. Mtu alikuja na kabureta inayovuja, sasa ana bodi tupu juu ya magogo na mifuko ya bolti isiyoandikwa kitu, na hamu yenyewe imemwishia. Kazi nyingi ninazopokea zilianzia kwa mtu mwingine namna hiyo, zikaishia kwenye maboksi.

Ndiyo maana mtu akiniletea gari alilolinunua juzi na kuniuliza tulikarabati kwa kina gani, siku hiyo simjibu. Namwomba funguo, kisha nachukua sumaku yangu.

Sumaku nimeivika kitambaa isikwaruze rangi. Naipitisha chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu na pembe za chini za madigadi. Ikishika, hapo kuna bati. Ikiteleza, kuna puti, ule ujiujiu unaopakwa ukagande kuziba mabonde ya bodi, na puti nene aghalabu inaficha shimo. Isipokuwa kwa Land Rover za zamani: bodi yake karibu yote ni aluminiamu, sumaku haishiki karibu popote, na watu hulewa uzuri wa bodi huku chesisi ya chuma ikiliwa kutokea ndani. Hapo nalala chini na nyundo ndogo, nagonga nikisikiliza. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinaitika kama kadibodi.

Kutu ndiyo inayoamua, si mimi wala mwenye gari. Lakini si kila kutu. Tundu kwenye madigadi inayofunguliwa kwa bolti ni jambo la mwisho wa wiki. Kutu kwenye mifupa ya gari ni habari nyingine. Mfano ninaoupenda ni Volkswagen Beetle. Chini ya milango, kila upande, lina mfereji mrefu wa bati unaopeleka hewa ya moto kutoka injini ya nyuma hadi mbele. Mnunuzi anauona kama bomba la joto tu. Kumbe ndio unaoikaza bodi. Ukioza, bodi inaanza kulegea katikati, na dalili ya kwanza unaiona mlangoni: mwanya wake ni mwembamba juu na mpana chini, au mlango uliokuwa unafunga vizuri unakataa gari likipigwa jeki. Fundi mwenye haraka akikata mfereji huo bila kwanza kuchomelea vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango, bodi inacheza milimita chache tu, na milango haitafunga vizuri tena. Nikikuta mifereji yote miwili imekwisha, mjadala unafungwa: bodi itenganishwe na sakafu. Hata rangi iwe nzuri namna gani.

Breki, tairi na mipira ya petroli sivijadili. Mpira wa breki unaweza kuonekana mzima nje kumbe umevimba ndani. Ukikanyaga, presha inapita, ukiachia, hairudi, na gurudumu linaburuza. Mafuta ya breki yananyonya unyevu hewani, basi yaliyokaa miaka yanamwagwa yote. Tairi nasoma tarakimu mwishoni mwa msimbo wa DOT, ule ulioandikwa ubavuni mwake: tangu mwaka 2000 ni nne, yaani wiki na mwaka wa kutengenezwa. Nikikuta tatu tu, tairi ni la kabla ya hapo na linatoka, hata likiwa na meno yake yote.

Injini huwa inasingiziwa. Ikitoa moshi kidogo, mnunuzi anataka ifunguliwe yote. Mimi natoa plagi na kupima kompresheni, yaani presha ambayo pistoni inaibana ndani, silinda moja moja. Namba zikikaribiana na zisipokuwa chini mno, injini inaweza kusubiri. Silinda moja ikiwa chini peke yake, namimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, napima tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Ikibaki palepale, tafuta kwenye valvu au gasketi ya silinda hedi. (Gari lililolala miaka usiliwashe kwanza. Tia oili kidogo kwenye silinda, uizungushe injini kwa mkono. Nimeona watu wakiharibu kwa ufunguo kile ambacho muda ulikiacha salama.)

Baada ya hapo gari, kama mifupa yake ni mizima, liendeshwe miezi michache likiwa na ubaya wake. Mwenyewe aweke daftari. Orodha anayokuja nayo baadaye haifanani kabisa na ile ya siku ya kwanza: kromu iliyofifia imesahaulika, na kinachomkera ni dirisha linalovujisha mvua.

Sasa rangi. Miaka ya mwanzo nililetewa pikapu lililofifia, milangoni mna jina la duka lililoandikwa kwa brashi, herufi zimekatikakatika. Niliona uchafu. Nikapiga msasa hadi bati, nikapaka rangi ambayo bado naionea fahari kwa kunyooka kwake. Miezi kadhaa baadaye mwenye gari akauliza kama nilipiga picha ya ile milango, kwa kuwa mwandishi wa zile herufi alikuwa baba yake. Sikuwa na picha hata moja.

Baadaye niligundua kwamba FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, lilipitisha Mkataba wa Turin mwaka 2012, nao unatenganisha kuhifadhi na kukarabati, na kutaka kila kazi iandikwe kumbukumbu. Mimi nilikuwa nimeshafundishwa na milango miwili. Siku hizi rangi ya kiwandani naiosha na kuipiga polishi kabla hata ya kuigusa kwa msasa, na mara nyingi inaamka. Ikibidi kupaka mlango mmoja, fundi wa rangi aoanishe na rangi ilivyofifia, siyo na namba ya kiwanda. La sivyo mlango mpya utaichongea ile mingine mitatu, na "maadamu" atarudi. Kwa upande mwingine, gari lililokwisha kupakwa rangi mara tatu na kuwekwa injini ya gari jingine halina mengi ya kulindwa. Hilo ukitaka kulivua hadi bati, livue kwa amani.

Wiki hii nina gari moja la saluni la mama mmoja. Kiti cha dereva kimepasuka mshono na kitambaa cha ubavuni kimelika. Alitaka viti vyote vivikwe upya. Nikamwonyesha chini ya kiti cha nyuma, mahali pasipoonekana: kitambaa kilekile, mchoro uleule, hakijawahi kuguswa na jua. Tumekata kipande hapo, fundi wa viti anakishona ubavuni. Jana mama alipita kuangalia, akaona kiti kiko nje, akaanza, "Sasa fundi, maadamu..." Akajisikia mwenyewe, akacheka.