Bourbon Haihitaji Kutoka Kentucky

Bourbon ni wiski ya Marekani inayotengenezwa kwa mchanganyiko wa nafaka ambao angalau asilimia 51 yake ni mahindi, ikakenekwa bila kuvuka asilimia 80 ya kileo, kisha ikahifadhiwa katika chombo kipya cha mbao za mwaloni kilichochomwa ndani, ambacho kwa desturi ni pipa. Linalohitaji maelezo marefu zaidi ni dai, linalorudiwa hata na wauzaji wa vinywaji, kwamba wiski isiyotoka jimbo la Kentucky haistahili jina hilo.

Dai hilo lina chimbuko linaloeleweka. Bourbon ni jina la ukoo wa kifalme wa Ufaransa, nchi iliyowasaidia Wamarekani katika vita vyao vya uhuru. Mwaka 1785 kaunti kubwa ya magharibi mwa Virginia ilipewa jina hilo, na mwaka 1792 eneo hilo likaingia katika jimbo jipya la Kentucky. Mpaka leo bourbon iliyo nyingi hutoka huko. Old Forester, kwa mfano, ilianzishwa mjini Louisville mwaka 1870 na George Garvin Brown, aliyekuwa muuzaji wa dawa, ambaye aliamua kuiuza katika chupa zilizozibwa peke yake, kwa kuwa wiski iliyopimwa kutoka kwenye pipa ilichakachuliwa kwa urahisi mno. Uamuzi huo ulikuwa wa heshima, na uliijengea Kentucky sifa inayoistahili. Hata hivyo, sifa si sharti: azimio la Bunge la Marekani la mwaka 1964 liliitambua bourbon kuwa bidhaa ya kipekee ya Marekani, si ya jimbo moja.

Sharti lenye uzito ni pipa. Wiski inapotoka mtamboni haina rangi, kama gongo. Katika kiwanda cha Old Forester kilichofunguliwa barabara ya Main Street mjini Louisville mwaka 2018, mgeni huweza kuona mapipa yakiundwa na kuchomwa humo humo: moto huwaka ndani ya pipa kwa muda mfupi, uso wa mbao ukageuka mkaa, na nyuma ya mkaa huo sukari ya mti ikaiva. Joto la kiangazi huisukuma wiski ndani ya mbao, baridi huirudisha, nayo hurudi na rangi ya kahawia na harufu ya vanila. Kuongeza rangi hakuruhusiwi. Kwa kuwa pipa lililokwisha kutumika haliwezi kutengeneza bourbon tena, mengi huuzwa Scotland.

Kwa hiyo anayesema "bourbon ya Kentucky" amesema sawa, maana ametaja aina ya wiski na mahali ilikotengenezwa. Ila wiski ya Indiana au New York iliyotimiza masharti hayo nayo ni bourbon, na anayeitengeneza aiite hivyo bila wasiwasi.